Shafti za Wachezaji wa Kulipwa: Jinsi ya Kuchagua Inayokufaa Ukicheza Gofu Uganda

Mashindano ya gofu ya Uganda Open yakikaribia, mazungumzo kwenye uwanja wa mazoezi pale Kitante, Kampala, hugeukia vifaa, hasa shafti, yaani ule mpini mrefu unaobeba kichwa cha fimbo. McIlroy anapiga na shafti gani? Scheffler je? Baada ya muda unamkuta mtu mwenye handikapu ya 20, yaani mchezaji wa kawaida tu, ameagiza shafti ile ile kutoka Dubai, ameilipia pesa nyingi, na mpira wake sasa unaruka chini zaidi na kuangukia kulia kuliko zamani. Hili linaniuma, kwa sababu pesa hiyo hiyo ingemsaidia sana kama angeitumia kwa mpangilio.

Mwongozo huu ni kwa mchezaji wa ridhaa anayetaka kujua shafti za wakubwa zina nini ndani, zipi zinaweza kumfaa, na afuate hatua gani kabla ya kufungua pochi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: tazama uzito kwanza, ugumu baadaye, na jina la shafti liwe la mwisho kabisa.

Wakubwa wanatumia nini, na kwa sababu gani

Rory McIlroy kwa miaka kadhaa amejulikana kwa Fujikura Ventus Black 6X kwenye draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) na Project X 7.0 kwenye ayani (fimbo za chuma zenye namba). Scottie Scheffler amepiga na Ventus Black 7X, na ayani zake zina Dynamic Gold Tour Issue X100, shafti ya stili ambayo Tiger Woods pia ameishikilia muda mrefu. Hideki Matsuyama yeye ni mtu wa Graphite Design Tour AD DI, tena ile nzito ya 8 TX.

Herufi na tarakimu hizo zinasomeka hivi. Kwenye shafti nyingi za grafaiti (nyuzi za kaboni), 5, 6, 7 au 8 ni daraja la uzito: 6 ni gramu sitini na kitu, 7 ni sabini na kitu. Herufi ni ugumu. L ndiyo laini zaidi, kisha A (wengine huandika M au R2), R, S, X, na TX juu yake. Rangi za Ventus zinaeleza jinsi mpira utakavyoruka: Red huuinua, Blue iko katikati, Black huushikilia chini na kuupunguzia mzunguko.

Sasa fikiria kwa nini mtu atake kuushikilia mpira chini. Mchezaji wa kawaida wa PGA Tour, mashindano ya wanaume wa kulipwa ya Marekani, huzungusha draiva kwa kasi ya karibu maili 115 kwa saa. Kwa kasi hiyo mpira huelekea kupanda mno na kuzunguka mno, kwa hiyo anahitaji shafti nzito, yenye ncha ngumu (upande wa kichwa cha fimbo), imzuilie. Tatizo lake ni wingi wa nguvu. Mchezaji wa ridhaa mwenye kasi ya maili 90 ana tatizo lililo kinyume kabisa: mpira wake unahitaji kusaidiwa kupaa na kukaa hewani. Ukimpa Ventus Black 7X umemwondolea hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Ndiyo maana nawaambia wanaume wengi wa klabu zetu wawatazame wanawake wa kulipwa wa LPGA kuliko wanaume wa PGA. Wastani wa kasi ya draiva ya wanawake wale ni karibu maili 95 kwa saa, yaani karibu sawa na mwanaume wa ridhaa anayecheza vizuri. Wanapiga kwa ustadi mkubwa, na mifuko yao imejaa shafti nyepesi: gramu hamsini na kitu kwenye draiva, stili nyepesi au grafaiti kwenye ayani. Huko ndiko kwenye somo linaloweza kuhamia Kitante au Entebbe moja kwa moja.

Hatua ya kwanza: jua kasi yako, na usidanganywe na mwinuko

Ukipata mashine ya rada, iwe kwa kocha au kwenye chumba cha gofu ya skrini, itumie. Piga mipira kumi na miwili hivi baada ya kupasha mwili, tupa miwili bora na miwili mibovu, halafu chukua wastani wa iliyobaki. Wengi huikumbuka ile moja iliyokwenda mbali na kujipimia kwayo. Shafti utaitumia kwa mipira yote, hivyo jipime kwa mpira wako wa kila siku.

Kama mashine haipo, pima umbali ambao mpira unaruka hadi kugusa ardhi, bila kuhesabu unaobiringika. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ni wakati mzuri sana kwa kazi hii, maana ardhi laini hubaki na kitobo pale mpira ulipotua. Mwombe kedi wako (mbeba mfuko wa fimbo) asimame mbele, akuoneshe kitobo, kisha pima kwa kifaa cha leza au kwa hatua kutoka kwenye alama za yadi.

Hapa ndipo majedwali ya kampuni yanapotupotosha sisi watu wa Uganda, na sioni likisemwa vya kutosha. Majedwali hayo kwa kawaida hukadiria mpira unaopigwa usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi zaidi, na mpira huruka mbali zaidi kwa asilimia 4 hadi 5. Fort Portal, kwenye mita 1,500 hivi, ongezeko hukaribia asilimia 6. Kabale, iliyo karibu na mita 2,000, linapita asilimia 7. Aliyewahi kutoka Kitante akaenda kucheza Nyali pale Mombasa au Gymkhana ya Dar es Salaam analijua hili mwilini: ayani namba 7 yake ghafla haifiki, na kedi wa kule anamwambia, "Mzee, chukua sita."

Kwa hiyo kabla ya kusoma jedwali, toa hiyo asilimia. Mpira uliopaa yadi 230 Kampala ni kama yadi 220 pwani. Ule wa yadi 210 ni kama 200 tu. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumhamisha mtu kutoka kundi la S kurudi R, na nadhani ndiyo sababu mojawapo ya shafti ngumu kupita kiasi kujaa kwenye mifuko yetu.

Ukishasahihisha, makadirio ya draiva yako hivi: kasi ya maili 75 hadi 85, au mpira unaopaa kama yadi 165 hadi 195, ni eneo la A. Maili 85 hadi 95, yadi 195 hadi 220, ni R. Maili 95 hadi 105, yadi 220 hadi 250, ni S. Juu ya hapo ndipo X inapoanza kuwa na maana. Chini ya maili 75 tafuta L bila aibu yoyote. Haya ni mahali pa kuanzia kujaribu, wala si hukumu. Mtu asiyeupata mpira katikati ya uso wa fimbo atapata umbali mfupi kuliko kasi yake halisi.

Hatua ya pili: uzito

Hapa nataka ukae nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo mchezaji wa ridhaa anapopata faida kubwa kuliko kwingine kote.

Shafti ya Dynamic Gold, S300 au X100, ina karibu gramu 130 kabla ya kukatwa. KBS Tour huongezeka uzito pamoja na ugumu: R ni gramu 110, S ni 120, X ni 130. Nippon N.S. Pro Modus3 Tour 105 katika S iko kama gramu 106. N.S. Pro 950GH iko chini kidogo ya 100. Aerotech SteelFiber, ambayo ni grafaiti iliyofungwa nyuzi za chuma kwa nje, hupatikana katika madaraja ya 95, 80 na 70.

Kati ya gramu 130 na 95 kuna gramu 35. Mkononi dukani hazionekani kitu. Lakini ukitembea mashimo 18 kwa miguu chini ya jua la mchana, ukapiga mara nyingi pamoja na swingi (mizungusho ya fimbo) za mazoezi, mwili unaanza kukwepa kazi. Kiuno kinaacha kuzunguka, mikono inachukua nafasi yake, na kuanzia shimo la 14 au 15 fimbo inaanza kugonga sehemu ya juu ya mpira na mipira kwenda kulia. Mchezaji atasema amechoka. Mara nyingi amechoshwa na fimbo yake. Mchezaji wa kulipwa anafanya mazoezi ya gym na kupiga mamia ya mipira kila siku, na kwake uzito ule humtuliza mwendo. Wewe unatoka ofisini Nakasero saa kumi jioni.

Nyepesi mno nayo ina ubaya wake. Mtu mwenye nguvu na mwendo wa haraka akipewa shafti nyepesi sana haihisi fimbo iko wapi, anaanza kuivuta kwa mikono, na mipira inatawanyika pande zote. Unachotafuta ni shafti nzito kadiri unavyoweza kuizungusha vilevile kwenye shimo la kwanza na la kumi na nane.

Jaribio lake ni rahisi. Azima ayani namba 7 tatu zenye shafti za uzito tofauti, moja ya gramu 120 hadi 130, moja ya 100 hadi 110, na moja ya 80 hadi 95. Wanachama wenzako watakupa, na kedi mara nyingi wanajua nani ana nini. Saga chaki ya ubaoni, ichanganye na maji kidogo, ipake kwenye uso wa fimbo na uiache ikauke iwe utando mweupe. Piga mipira mitano, tazama alama, futa, rudia na fimbo inayofuata. Kisha rudia zamu nzima ukiwa umechoka, yaani baada ya kucheza. Zingatia mkusanyiko wa alama kuliko umbali. Fimbo ambayo alama zake tano zinafunikwa na sarafu mbili zilizowekwa karibu karibu ndiyo yenye uzito wako, hata kama nyingine ilikupa mpira mmoja uliokwenda yadi kumi zaidi. Alama zilizohamia kisiginoni mwa fimbo (upande wa shafti) au kwenye ukingo wa mbali wa uso wake ulipochoka zinakueleza kwamba uzito haukubaliani nawe.

Kwa draiva, wachezaji wengi wa ridhaa watatulia kwenye gramu 50 na kitu. Gramu 60 na kitu ni kwa mwenye kasi na mwili wenye nguvu. Za 70 waachie wenyewe.

Na ile dhana kwamba grafaiti kwenye ayani ni ya wazee na wanawake, iache. Bryson DeChambeau, mmoja wa wapigaji wenye nguvu kuliko wote duniani, anapiga ayani za grafaiti. Kama una maumivu ya kiwiko au kifundo cha mkono, grafaiti humeza mtetemo kuliko stili, na hiyo peke yake ni sababu tosha.

Hatua ya tatu: ugumu

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba herufi hazina kipimo kimoja duniani. S ya kampuni moja inaweza kuwa sawa na R ya nyingine. Project X wao hutumia namba, 5.0 hadi 7.0, ambapo 6.0 iko karibu na S na 6.5 inaelekea X. Kwa hiyo usiseme "mimi ni mtu wa S" na kuishia hapo. Sema ni S ya shafti gani.

Jambo la pili ni mwendo wa mabadiliko, pale fimbo inapofika juu na kuanza kushuka. Watu wawili wanaweza kuwa na maili 93 kwa saa, mmoja anashuka taratibu na kuongeza kasi chini, mwingine anaivuta fimbo kwa ghafla kutoka juu. Wa pili anaipinda shafti zaidi na huenda akahitaji S, na wa kwanza atapiga vizuri na R. Mwombe rafiki akurekodi kwa simu kutoka mbele, kwa mwendo wa polepole, uone wewe ni yupi.

Dalili kwa anayepiga kwa mkono wa kulia: shafti ngumu mno huelekea kutoa mpira wa chini, unaoishia kulia, na mkononi unahisi kama umepiga jiwe. Laini mno huelekea kupandisha mpira juu sana na kuupeleka kushoto, tena bila mpangilio, leo hivi kesho vile. Ila mpira unaopinda kulia sana chanzo chake kikubwa ni uso wa fimbo ulio wazi na njia ya swingi inayokata kutoka nje. Hakuna shafti itakayoponya hilo. Kama ndilo tatizo lako, masomo kwa pro (mwalimu wa gofu) wa klabu yako yatakufaidi kuliko shafti yoyote iliyopo sokoni, nami nasema hivyo nikiwa mtu ninayezipenda shafti.

Ukiwa katikati ya herufi mbili, chukua ile laini.

Hatua ya nne: mahali inapopinda, na kujisokota

Hili halihitaji maneno mengi. Shafti inayopinda karibu na kichwa cha fimbo huinua mpira, na inayopinda karibu na mikono huushusha. Kiwango cha kujisokota, yaani shafti inavyojinyonga ukipiga, huandikwa kwa digrii, na kwenye draiva nyingi ni kati ya 2 na 6. Digrii chache huhisi imara, nyingi huhisi laini mkononi. Wakubwa hupenda chache. Wewe ukiwa na kasi chini ya maili 95, shafti ya kuinua yenye digrii 4 au 5 kwa kawaida itakuwa rafiki.

Hatua ya tano: urefu

Draiva nyingi za dukani zina inchi 45.5 au zaidi. Wachezaji wengi wa kulipwa hutumia fupi kuliko hizo, kwa sababu wanataka kuupata mpira katikati. Sheria za gofu zinaruhusu hadi inchi 48, na tangu 2022 ipo kanuni ya mashindano ya juu inayoweka kikomo cha 46. Katika mambo yote ya wakubwa, hili ndilo la kuiga bila woga, na halina gharama: shika gripu (mshiko wa fimbo) inchi moja chini ya kawaida, paka chaki, piga mipira kumi. Alama zikikusanyika, una jibu.

Usikimbilie kukata, lakini. Kila nusu inchi unayoitoa juu hupunguza uzito wa swingi (jinsi kichwa kinavyohisi kizito ukizungusha) kwa pointi tatu hivi, na kichwa kinaanza kuhisi hakipo. Fundi atarudisha kwa utepe wa madini ya risasi, karibu gramu mbili kichwani kwa kila pointi. Kukata upande wa ncha ni jambo jingine kabisa: kunaifanya shafti kuwa ngumu zaidi, na hakurudishwi.

Hatua ya sita: kukagua shafti ya mitumba

Wengi wetu tunanunua fimbo zilizokwisha kutumika, kutoka kwa mwanachama, kedi, au ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo. Hakuna ubaya, mradi ukague. Kwa grafaiti, pitisha ukucha polepole kuzunguka shafti yote, hasa sentimita chache juu ya kichwa na pale inapogusana na mdomo wa mfuko. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo uliopita rangi na kufika kwenye nyuzi, iache. Kisha shika kichwa na gripu, sokota kidogo huku umeweka sikio karibu. Mlio wa kukatika ni nyuzi zilizopasuka, au gundi iliyoachia.

Kwa stili, adui ni kutu. Fimbo zilizokaa karibu na ziwa, Entebbe, Kigo au Jinja, zikihifadhiwa na unyevu ndani ya mfuko, huanza kutu pale shafti inapoingia kwenye kichwa na chini ya gripu. Kutu ya juu juu hufutika. Iliyochimba vishimo ni hatari, maana shafti inaweza kukatika katikati ya swingi.

Lebo nayo si ushahidi. Ni karatasi ya kubandika au rangi, na vya bandia vipo. Tena, Ventus zilizokuja na baadhi ya draiva za dukani hazikuwa na muundo ule ule wa ndani wa zile za wakubwa. Zenye muundo huo zimeandikwa VeloCore. Muuzaji akikuambia "hii ndiyo ya Rory", tafuta neno hilo kwanza.

Hatua ya saba: kubadilisha

Draiva za kisasa zina kiunganishi cha skrubu, na kila kampuni ina chake. Cha Titleist hakiingii kwenye TaylorMade. Hakikisha shafti unayonunua imekuja na kiunganishi cha kichwa chako.

Kwa ayani, muulize fundi vipenyo kabla ya kuagiza. Ncha nyingi ni inchi 0.355 zinazochongoka au 0.370 zilizonyooka, na hazibadilishani hivi hivi. Anapotoa shafti ya grafaiti, fundi mzuri hutumia joto dogo na kifaa cha kuvuta moja kwa moja. Ukimwona anaisokota kwa nguvu ili itoke, mzuie, kwa sababu tayari anazivunja nyuzi. Gundi nzuri iachwe siku nzima kabla ya kupiga mpira.

Usibadilishe seti nzima kwa mkupuo. Anza na ayani namba 7 peke yake, cheza nayo raundi kadhaa, za asubuhi na za jioni, ukilinganisha chaki na fimbo zako za zamani. Ikikubali, badilisha namba 5 hadi 9. Wedji (fimbo za mipigo mifupi) zinaweza kubaki na shafti nzito kidogo kuliko ayani, kwani hapo unapiga nusu swingi na uzito husaidia kutuliza mikono. Draiva ifuate mwisho, ukishajua mwili wako unapenda gramu ngapi.